Kondoo wa Ikutha Hana Sufu

Desemba iliyopita nilishuka basi Ikutha nikiwa na zawadi moja ya maana kwenye begi: kitabu cha mtoto, mtumba, nilichonunua mia mbili kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu kando ya barabara Nairobi. Si kitabu cha kusoma hasa. Ni kile cha kadibodi ngumu, kila ukurasa una mnyama mmoja, na juu ya mnyama wamebandika kiraka cha kupapasa. Manyoya hapa, kitambaa laini pale, plastiki yenye mikunjo kule. Mtoto wa dadangu ana miaka miwili na nusu. Nikajiambia, leo mjomba ataonekana mtu wa maana.

Mtoto akafungua ukurasa wa kondoo. Kondoo mweupe, wa mviringo kama wingu, ana kiraka cha sufu nene tumboni. Akagusa. Akagusa tena. Halafu akaniangalia vile mtu huangalia jamaa aliyemuuzia simu feki, akasema, "Ti ilondu." Hicho ni Kikamba. Maana yake: si kondoo.

Nikacheka, nikamwambia ni kondoo. Akakataa katakata. Akanishika kidole, akanivuta hadi bomani kwa susu nyuma ya nyumba, akaninyoshea kondoo mwenyewe: rangi ya udongo, manyoya mafupi yaliyolala kama ya mbuzi, mkia mnene umejaa mafuta. Huyo ndiye ilondu. Na kusema ukweli, wasee, mtoto alikuwa sahihi na mimi niliyemaliza fomu foo nilikuwa nimekosea. Kondoo wa kwetu hana sufu.

Nimetembea na hilo jambo kichwani tangu siku hiyo. Nikaanza kusoma. Nilidhani natafuta historia ya kitabu cha watoto, kumbe nilikuwa natafuta historia ya nani duniani hupata kuwagusa wanyama wetu. Hii posti ni ndefu, lakini kaa nayo.

Tuanze na kondoo mwenyewe

Ikutha iko kusini mwa Kitui, kwenye ile lami inayotoka Kibwezi, inavuka Mto Athi, inaenda Mutomo na kisha Kitui mjini. Ni nchi ya jua. Mifugo inayodumu huku ni ile inayovumilia joto na kiu, na kondoo wa nchi kame za Kenya ni kama yule Mmaasai Mwekundu, au yule mwenye kichwa cheusi anayeitwa Blackhead Persian. Wote wawili wana manyoya mafupi, hawana sufu ya kukata, na mafuta yao ya akiba yako mkiani na matakoni. Mmaasai Mwekundu amewavutia hadi watafiti wa mifugo kwa sababu anahimili minyoo inayowaangusha kondoo wa kizungu.

Sufu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Lord Delamere alileta kondoo wa Merino kutoka New Zealand akawaweka shambani kwake Njoro. Wengi wakafa. Kondoo wa sufu wakaja kushika mizizi taratibu kwenye baridi ya nyanda za juu, na hadi leo ukitaka kuwaona nenda huko juu, usije Kitui. Lakini wimbo wa kondoo mweusi mwenye magunia ya sufu, Baa Baa Black Sheep, haukuhitaji baridi. Uliingia chekechea zote. Mimi niliuimba nikiwa mdogo, kwa sauti kubwa, kwa mikono, mbele ya wazazi, na nyuma ya darasa kulikuwa na kondoo wanakula majani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na gunia la kitu chochote. Sikuwahi kuuliza.

Mtoto wa dadangu ameuliza kabla hajafikisha miaka mitatu. Tofauti yetu ni moja: mimi niliimbiwa, yeye aligusa. Sikio unaweza kulidanganya. Mkono ni mgumu kidogo.

Kitabu kilitoka wapi

Kitabu cha wanyama cha watoto kina ukoo mrefu. Wengi wanaoandika historia yake huanzia mwaka 1658, mjini Nuremberg, Ujerumani, ambako mwalimu Comenius alichapisha kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, Orbis Sensualium Pictus. Mwanzoni mwake kuna alfabeti, na herufi zinafundishwa kwa sauti za viumbe, wanyama wengi wakiwemo. Comenius aliamini kwamba kitu huingia kwanza kwa macho na masikio na vidole, ndipo kinaingia akilini. Shikilia hilo jina la Nuremberg, tutarudi.

Kutoka picha hadi kiraka cha kugusa ilichukua karibu miaka mia tatu. Mwaka 1907 Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza Rome, na huko watoto wakawa wanafuata kwa kidole herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa. Halafu mwaka 1940, Marekani, mama mmoja mwandishi aitwaye Dorothy Kunhardt akatoa Pat the Bunny. Alikitengeneza akimfikiria bintiye mdogo, Edith. Ndani kuna sungura wa kupapasa manyoya, na kuna uso wa baba wa kugusa ndevu, ambazo ni kipande cha msasa. Kikauzwa kwa mamilioni, na mpaka leo kinauzwa.

Mwaka 1969 Eric Carle akatoa The Very Hungry Caterpillar, kile cha kiwavi anayetoboa kurasa, na mashimo ni ya kweli, kidole cha mtoto kinapita. Kilibidi kichapishwe Japani kwa sababu kule Marekani gharama ya kukata yale mashimo ilikuwa haibebeki. Mwaka 1999 kampuni ya Uingereza, Usborne, ikaanza mfululizo wa Fiona Watt na mchoraji Rachel Wells, That's Not My Puppy na wenzake wengi waliofuata. Mchezo wake ni kukataa: kila ukurasa unakuonyesha mnyama ambaye siye, kwa sababu ya kitu fulani unachokigusa, mpaka ukurasa wa mwisho unampata aliye wako.

Mkumbuke mtoto wangu wa Ikutha pale. "Ti ilondu." Alikuwa anaucheza ule mchezo bila kuujua. Shida ni kwamba kitabu chake kiliisha na ukurasa wa mwisho haukufika.

Na nataka nieleweke hapa. Kunhardt hakumkosea mtu. Alichukua vitu vya nyumbani kwake, sungura na ndevu za mume, akamwekea mtoto wake mkononi. Ndivyo inavyotakiwa. Swali langu ni la upande wetu: vitu vya nyumbani kwetu vilienda mikononi mwa nani?

Safari ya kwanza: pembe

Zamani kabla ya reli, Wakamba walikuwa watu wa misafara. Karne ya 19 walishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivui Mwenda, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pembe Ukambani. Huyo ndiye aliyekuwa na Krapf wakati Mzungu huyo alipouona Mlima Kenya.

Sasa fuata pembe. Sehemu kubwa ya pembe za Afrika Mashariki ilipita Zanzibar, ikavuka bahari, na nyingi ziliishia Connecticut, Marekani, kwenye vijiji viwili, Deep River na Ivoryton. Hicho cha pili jina lake lenyewe limetokana na pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba vikabandikwa juu ya vitufe vya piano. Siwezi kukuambia pembe ipi ilitoka Kitui na ipi ilitoka Tabora. Ninachojua ni kwamba msichana wa Boston aliyekuwa anajifunza piano mwaka 1880 alikuwa anamgusa ndovu wa Afrika Mashariki kila jioni baada ya shule, kwa vidole kumi.

Mtoto wa Ikutha je? Ndovu kwake ni nzou, na nzou hagusiki. Tsavo ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, na upande wa mashariki wake umepakana na sisi. Kiangazi kikikaza, ndovu wanavuka wanakuja mashambani na kwenye visima. Watoto wanafundishwa kitu kimoja tu kuhusu nzou: ukimsikia, rudi nyumbani. Nimeona vitabu vya kugusa ambavyo ndovu wake ni laini kama blanketi la mtoto. Hilo nalo ni somo, na huku kwetu ni somo la hatari.

Safari ya pili: ngewa

Ngewa ni hadithi. Ukambani hadithi za wanyama ni bahari: sungura mjanja, fisi mlafi, ndovu mwenye nguvu asiye na akili ya haraka. Hizi ndizo vilikuwa vitabu vyetu vya wanyama, na mchapishaji alikuwa susu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, wamisionari wa Kilutheri wakafungua kituo Ikutha. Walitumwa na chama cha Hersbruck, mji mdogo wa Bavaria. Angalia ramani: Hersbruck iko jirani na Nuremberg, ule mji wa kitabu cha Comenius, mji ambao pia ulijulikana Ulaya nzima kwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Muda mfupi baadaye kazi yao ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig.

Hawa watu waliandika sana. Johannes Hofmann, aliyekuwa Ikutha, alitoa kamusi ya Kikamba mwaka 1901. Mwenzake wa misheni hiyohiyo, Ernst Brutzer, alikusanya hadithi za wanyama za Wakamba, zikachapishwa mwaka 1910 Ujerumani, kwa Kijerumani, kwenye jarida la wataalamu liitwalo Archiv für Anthropologie. Baada yao akaja Mswidi, Gerhard Lindblom, aliyeishi na Wakamba 1911 na 1912. Hadithi za wanyama alizoziandika zilitoka mwaka 1928, zimechapishwa Uswidi, Kikamba na Kiingereza, na maelezo ya kitaalamu chini.

Kwa hiyo sungura wetu na fisi wetu walipata pasipoti kabla ya babu zetu. Na siwalaumu waliowaandika. Bila wao hadithi nyingine zingekuwa zimezikwa na wasimulizi wake. Lakini jarida la anthropolojia halikuuzwa soko la Ikutha. Vita ilipoanza 1914 wamisionari Wajerumani wakaondolewa na Waingereza, na makaratasi yakabaki Ulaya. Hadithi iliyotoka kwenye moto wa mama fulani wa Ukambani, mama ambaye mimi simjui jina, iliishia kwa profesa.

Aliyejaribu kuzirudisha ni mtu wa kwetu. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Na ndiyo, mbiti kwa Kikamba ni fisi, kwa hiyo fisi mwenyewe alishika kalamu. Mwaka 1954 alitoa Mutunga na Ngewa Yake, kwa Kikamba. Mwaka 1966 akatoa Akamba Stories, kwa Kiingereza, Oxford. Dunia inamjua kama mwanateolojia mkubwa, lakini kabla ya yote alikuwa kijana wa Kitui aliyezichukulia hadithi za susu kuwa kitu cha kuandikwa. Alifariki mwaka 2019.

Safari ya tatu: vinyago

Hii ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hapa tulitengeneza wanyama wa kugusa sisi wenyewe, kwa mikono yetu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wakamba wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza upande wa Tanganyika. Mmoja wao alikuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, ambayo leo iko Kaunti ya Machakos. Huko alijifunza kwa wachongaji wa Kizaramo. Aliporudi akaanza kuchonga, wanawe wakafuata, majirani wakafuata, na ndani ya miongo michache Wamunyu nzima ikawa inachonga. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa na ushirika wao Changamwe, Mombasa. Twiga, swala, kifaru, simba, ndovu. Mti wa muhugu, tezo, kisu, msasa, na mwisho rangi ya kiatu ya kung'arisha.

Fikiria hilo. Wakati ule ule Kunhardt anabandika msasa kwenye kitabu, mzee wa Wamunyu anapiga msasa twiga. Wote wawili wanataka mkono wa mtu upite juu ya mnyama na ufurahi. Twiga wa Wamunyu amepapaswa na watoto wa London, Tokyo na Chicago, kwa sababu mzazi alikuja safari akarudi naye kwenye sanduku.

Sasa ingia duka lolote la vinyago Nairobi au Mombasa. Utahesabu twiga ishirini. Tafuta mbuzi. Tafuta kondoo wa mkia mnene. Tafuta punda aliyebeba mitungi ya maji, mnyama ambaye bila yeye nusu ya Kitui haingeoga. Utatafuta sana, kwa sababu mtalii hajaja kununua mbuzi. Soko liliamua ni mnyama yupi anafaa kugusika, na mtoto wetu hakuwa kwenye soko.

Mbona hakuna kitabu chetu?

Hapa kuna watu watasema, "Si mtengeneze chenu basi, mbona kelele?" Sawa. Lakini tuambiane ukweli kwa nini bado hakipo madukani.

Kwanza, vitabu Kenya vinaishi kwa shule. Tangu East African Literature Bureau ilipoanza 1948 hadi leo, mchapishaji anakula kwa kitabu cha darasani. Tulikuwa na Tujifunze Kusoma Kikwetu, vitabu vya lugha za mama vya Taasisi ya Elimu ya Kenya, na vilifanya kazi kubwa, lakini hivyo ni vya mtoto aliyeshaingia darasani. Tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya shule moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Mtoto wa miaka miwili hana darasa, kwa hiyo hana mnunuzi. PP1 inamngoja akiwa na miaka minne. Miaka ile ya mwanzo, ambayo yeye anaisoma dunia kwa vidole na kwa mdomo, iko nje ya bajeti.

Pili, ushuru. Tangu sheria ya VAT ya 2013, kitabu Kenya kinatozwa asilimia 16. Mama wa Ikutha anayewaza unga hawezi kuanza kuwaza kitabu.

Tatu, kazi yenyewe. Kile kiraka cha manyoya hakibandikwi na mashine peke yake. Vitabu vya aina hii vinahitaji mikono mingi, na ndiyo maana vingi vinatengenezewa viwandani China, kwa maelfu kwa maelfu, ndipo bei ishuke. Lugha ya watu wachache haiwezi kuagiza maelfu.

Sababu ya tatu ndiyo inanichekesha. Kazi ya mikono mingi? Ukambani? Mahali ambapo mama anasuka kyondo huku anatembea kwenda sokoni?

Na kabla mtu hajaniambia kuhusu simu: najua. Kuna African Storybook, iliyoanza 2014, ina hadithi za bure mtandaoni hadi kwa Kikamba, na mimi naishangilia. Msomee mtoto leo usiku. Lakini sisi tuliokulia kwenye skrini tunasahau kitu kimoja. Skrini ya kugusa ina mguso mmoja tu. Simba ni kioo, kondoo ni kioo, susu kwenye vidio koo ni kioo. Kidole kinateleza, na kidole hakijajifunza lolote.

Kwata ndai

Kuna kitu susu alinikumbusha siku hiyohiyo, bila kukusudia. Jioni watoto walikaa, akaanza vitendawili. Mswahili huanza kwa kusema "kitendawili" na kujibiwa "tega". Wakamba tunasema "Kwata ndai!" na jibu ni "Nakwata." Jirani zetu Wakikuyu nao wana "gwata ndai" yao. Kukwata ni kushika. Yaani: shika fumbo! Nimeshika!

Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia. Kwetu hata fumbo la maneno matupu unaanza kwa kulishika mkononi. Lindblom aliviandika vitendawili hivi pia, vikatoka 1934. Kwa hiyo wazo la kwamba mtoto hujifunza kwa mkono halikuja Ikutha kwenye begi langu la mtumba. Lilikuwa limekaa pale kwenye kigoda, linangoja sisi wa Nairobi tumalize kuringa.

Kesho yake tukatengeneza kitabu. Katoni ya mafuta ya kupikia, tukakata kurasa sita. Mbuzi: kipande cha ngozi kutoka kigoda kilichovunjika. Kondoo: ngozi ya kondoo, manyoya mafupi, kama mwenye kitabu alivyoagiza. Kanga: manyoya yake mawili ya madoadoa, yameshonwa kabisa yasing'oke. Kobe: kipande cha kibuyu, kingo zimepigwa msasa. Punda: kamba ya mkonge kwa ajili ya nywele za shingo. Nzou: gome la mbuyu, la kijivu, lenye mikunjo. Ukiligusa, utajua huyu si wa kukumbatia. Dadangu akashona mgongo kwa uzi wa katani, gundi ikawa uji mzito wa unga.

Ukitaka kujaribu, nisikilize kwa makini. Ngozi itoke kwa mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa, ikaushwe vizuri. Usitumie kamwe ngozi ya mzoga, kimeta si mchezo. Usiweke shanga wala kitu chochote kidogo, kwa sababu kitabu cha mtoto wa umri huo kitaliwa kwanza ndipo kisomwe.

Kuliwa kwenyewe kulikuja upesi, ila si na mtoto. Siku ya tatu kitabu kilisahaulika uani, mbuzi akatafuna kurasa mbili, akianzia na ukurasa wa kondoo. Susu alicheka mpaka akakaa chini. Tukatengeneza cha pili. Cha pili kilikuwa kizuri zaidi.

Sisemi mtoto wa Ikutha asijue kondoo wa sufu. Ajue. Ajue na dubu wa barafuni na pengwini. Lakini awe na kondoo wake kwanza, ndipo yule mwingine awe habari ya kushangaza: kumbe kuna nchi baridi hadi kondoo wanavaa sweta! Mpangilio ukigeuzwa, wa sufu ndiye anakuwa kondoo, na wa bomani kwa susu anakuwa kasoro. Hapo ndipo mtoto anaanza kujifunza kwamba vitu vya kwao ni makosa ya uchapaji. Wengi wetu tulijifunza hivyo, na tumetumia miaka ya ishirini yetu yote kujaribu kusahau.

Na hii si lazima ibaki mradi wa uani. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kitui ina KICOTEC, kiwanda cha nguo cha kaunti kilichofunguliwa 2018, ambacho mwaka 2020 kilibadilika upesi kikashona barakoa. Kiwanda cha nguo kina vipande vinavyobaki, na kitabu cha kitambaa kinahitaji hasa vipande. Wasukaji wa vyondo wapo. Wachongaji wapo. Hadithi zipo, Brutzer na Lindblom na Mbiti waliziweka kwenye karatasi, na zile zilizobaki ziko kwa masusu ambao bado wako hai leo lakini hawatatungoja sana. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika agizo la kwanza. Vitabu mia mbili, chekechea kumi. Nani ananunua kwanza?

Sasa zamu yako. Kondoo wa kwenu ukimgusa yukoje? Wa Garissa, wa Molo, wa Kajiado. Niandikie hapo chini, lakini nenda umguse kwanza. Usinijibu kwa kukumbuka wimbo.

Kwata ndai.